Nafasi iliyojazwa kabla ya kutangazwa: uchambuzi wa kisa cha kukaimu madaraka

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika taasisi moja ya huduma yenye makao makuu na matawi kadhaa. Jina la taasisi, nchi na aina ya huduma vimeondolewa. Baadhi ya vyeo vimebadilishwa, na alama za usaili zimesogezwa kidogo bila kuvuruga uwiano wake. Majalada yenyewe niliyasoma, kwa kuwa kamati ya bodi inayoshughulikia masuala ya watumishi iliniomba niyapitie. Ninawaandikia wakurugenzi, maofisa rasilimali watu na wajumbe wa bodi, hasa wale ambao tayari wana sera nzuri ya ujumuishi na wanajiuliza mbona safu ya juu haibadiliki.

Taasisi na hali yake

Hapakuwa mahali pabaya pa kazi. Zaidi ya nusu ya watumishi walikuwa wanawake. Matawi yalikuwa na watu wa dini, lugha na makabila mbalimbali, na watumishi wenye ulemavu walikuwa wakiajiriwa bila kubembelezwa na yeyote. Mishahara ya cheo kimoja ilikuwa sawa kwa wote. Ila ukipanda ngazi, sura zilianza kufanana. Wakuu wa idara walikuwa wanaume waliokulia kikazi makao makuu, isipokuwa mmoja tu, mama aliyeongoza rasilimali watu.

Mkurugenzi Mtendaji alipoingia madarakani alitaka kulibadilisha hilo, na sina shaka hata kidogo na nia yake. Alipitisha sera ya usawa na ujumuishi. Aliwapeleka mameneja wote kwenye mafunzo ya siku moja. Aliagiza kila jopo la usaili liwe na mwanamke angalau mmoja. Mwisho alimteua ofisa wa ujumuishi, akamweka chini ya rasilimali watu, bila bajeti yake na bila kiti katika kikao cha menejimenti.

Kwa muda wa miaka miwili nafasi nne za ukuu wa idara zilitangazwa, zikashindaniwa na kujazwa. Zote nne zilichukuliwa na aliyekuwa akizikaimu. Hilo halikumshtua mtu, kwa sababu kila usaili ulikuwa na tangazo lake, jopo lake, karatasi zake za alama na sahihi zote zinazotakiwa.

Mlolongo wa matukio

Nafasi ya nne ndiyo iliyozua kisa. Mkuu wa idara ya mipango alipata kazi kwingine, akaondoka kwa notisi fupi. Jioni aliyoaga, Mkurugenzi alimpigia simu mmoja wa wakuu wa vitengo vya idara hiyo. Asubuhi yake likatoka dokezo la mistari miwili: fulani atakaimu nafasi ya mkuu wa idara hadi itakapojazwa, watumishi wote wampe ushirikiano. Katika uchambuzi huu nitamwita Kaimu.

Ukaimu ulidumu miezi tisa. Ndani ya miezi hiyo Kaimu alihudhuria vikao vya menejimenti, alitetea bajeti mbele ya bodi, aliidhinisha malipo, alipokea wafadhili na kufanya tathmini ya mwaka ya wenzake. Alijifunza kazi kwa kuifanya, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alifanya vizuri.

Katika idara hiyohiyo alikuwepo mama mmoja, mkuu wa kitengo cha takwimu. Yeye na Kaimu walikuwa daraja moja, lakini alikuwa ametumikia miaka mingi zaidi na kisomo chake kilikuwa juu kidogo. Usikivu wake ni hafifu. Anatumia kifaa cha usikivu na hufuata mazungumzo kwa urahisi anapowaona midomo wanaosema. Kikao cha menejimenti kilikuwa kikifanyika kwenye chumba kirefu, na wakuu wa matawi wakijiunga kwa sauti tu, bila picha. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kukaimu. Mkurugenzi alipoulizwa baadaye, alisema kwa unyoofu kwamba jina la mama huyo lilimjia kichwani usiku ule, akaona angemtwisha mzigo usio wa lazima. Alimhurumia, lakini hakumuuliza.

Nafasi ilipotangazwa, wote wawili waliomba. Kaimu alishinda. Wiki iliyofuata mkuu wa takwimu aliandika barua ya aya moja kwa rasilimali watu. Hakulalamika wala hakumtaja mtu. Aliomba apewe karatasi yake ya alama ili ajue ajirekebishe wapi.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba utaratibu ulifuatwa. Lilikuwa jibu la kweli. Aliandika tena, akaomba karatasi ileile, safari hii nakala ikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya bodi.

Karatasi ya alama

Jopo lilikuwa na vipengele vinne vyenye jumla ya alama 100, vilivyopangwa kabla tangazo halijatoka. Kwa ujuzi wa kitaalamu, kati ya alama 25 mkuu wa takwimu alipata 23 na Kaimu 18. Kwa uwasilishaji wa mpango wa idara, kati ya 25, yeye 22 na Kaimu 17. Kwa maadili na mahusiano kazini, kati ya 20, yeye 17 na Kaimu 16. Kisha kikafuata kipengele cha “uzoefu wa uongozi katika nafasi husika au inayolingana nayo”, chenye alama 30. Hapo mkuu wa takwimu alipata 9, Kaimu akapata 28.

Jumla ikawa 71 kwa 79. Ukikiondoa kipengele hicho kimoja, mama ana 62 na Kaimu ana 51. Usaili mzima uliamuliwa na mstari mmoja, na alama za mstari huo ziligawiwa miezi tisa kabla, kwa simu ya jioni moja.

Mwenyekiti wa kamati aliiona karatasi hiyo, akaomba majalada ya kila ukaimu wa miaka ile miwili, mrefu na mfupi, hata ule wa wiki mbili za likizo. Mengi hayakuwa na maelezo yoyote. Pale palipokuwa na sababu iliyoandikwa pembeni kwa kalamu, nilikuta maneno kama “yupo karibu”, “anaweza kusafiri mara moja”, “wanaelewana na wakuu wenzake”. Hakuna sababu hata moja iliyotaja mwanamke, kabila, dini au ulemavu. Na bado waliokaimishwa walitoka ghorofa moja ya jengo moja, wengi wao wakiwa wanaume wasiolazimika kuwahi nyumbani jioni. Mtumishi wa tawini hakuwemo hata mmoja.

Uamuzi uliofanywa, na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa gumu kuliko yote: je, uteuzi wa Kaimu ufutwe? Kamati iliamua usifutwe. Kaimu hakuvunja kanuni yoyote. Aliitwa, akaitika, akafanya kazi, akashindana kwa vigezo alivyovikuta. Kumvua cheo kungemtwisha mtu mmoja kosa la utaratibu mzima, na kungewafundisha watumishi wengine kuogopa kila mabadiliko yanayoitwa ya usawa. Nakubaliana na uamuzi huo, ingawa najua ulimgharimu mkuu wa takwimu.

Mkurugenzi alipendekeza njia nyingine: mama apewe mara moja nafasi mpya ya mshauri mwandamizi, yenye mshahara wa mkuu wa idara. Mama alikataa kabla kamati haijasema lolote. Alieleza kwamba nafasi isiyoshindaniwa ingemfuata kila anapofungua mdomo kikaoni, na kwamba alichoomba kilikuwa kupimwa kwa haki. Kamati ikaliandika jambo hilo katika kumbukumbu zake, na kwa maoni yangu ndilo lililobadilisha mkondo wa mazungumzo kutoka kumtuliza mtu hadi kurekebisha utaratibu.

Mkuu wa fedha alipinga. Alisema taasisi inaelekea kushusha viwango, na kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwenyekiti akamuuliza kinoo kilikuwa kwa nani. Mjadala ulichukua sehemu kubwa ya kikao, na ulistahili, kwa sababu hofu ya mkuu wa fedha ilikuwa ya kweli kwake na wengine watatu walikuwa nayo bila kuisema.

Mwishowe kamati iliamua hivi. Ukaimu wowote unaozidi wiki mbili utangazwe kwa watumishi wote wenye daraja linalostahili, matawini pia, na wenye nia waandike ukurasa mmoja ndani ya siku tano. Mtu mmoja asikaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi mitatu. Ikipita hapo, mwingine aingie zamu. Katika usaili, uzoefu wa uongozi upimwe kwa ushahidi wa aina zaidi ya moja, kama kuongoza mradi, kusimamia tawi au kuanzisha mfumo unaofanya kazi, na alama zake zipungue kutoka 30 hadi 20. Aliyepo kwenye nafasi asipate alama kwa kuwepo tu.

Vikao navyo vilibadilishwa. Ajenda na nyaraka zitoke siku mbili kabla, wanaojiunga kwa mbali waonekane kwa picha, manukuu ya maandishi yawashwe, na kila anayesema aruhusiwe na mwenyekiti kwanza ili wasiongee wawili kwa pamoja. Mkuu wa takwimu ndiye aliyeombwa aandike orodha hiyo. Kisha ofisa wa ujumuishi akapewa kiti katika menejimenti, na katika mkataba wa utendaji wa Mkurugenzi kikaongezwa kipengele: kila robo mwaka aiambie bodi nani amekaimu nini, kwa muda gani, na nani aliomba akakosa.

Kilichotokea baadaye

Zamu ya kwanza chini ya utaratibu mpya ilikwenda vibaya. Mwanamke kutoka tawini, aliyekuwa ameongoza tawi kubwa kwa ustadi, alichaguliwa kukaimu idara ya huduma. Alifika makao makuu akakuta kiti na meza. Sahihi yake haikuwa imepelekwa benki, kwa hiyo hakuweza kuidhinisha malipo. Mfumo wa manunuzi ulimtambua bado kama mkuu wa tawi. Manaibu wawili waliendelea kupeleka majalada moja kwa moja kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi, kwa mazoea na kwa kutaka kazi isisimame, aliyapokea. Mwezi wa pili ukafika wakuu wenzake wakianza kusema kwamba hana maamuzi.

Ofisa wa ujumuishi ndiye aliyeligundua hilo, kwa kuwa sasa alikuwa kikaoni na aliona majalada yakipita mbele ya mama yule bila kusimama. Alimwambia Mkurugenzi mbele ya wote kwamba mtu hawezi kupimwa kwa mamlaka asiyopewa. Tangu hapo hakuna ukaimu unaoanza bila hati ya makabidhiano inayotaja mipaka ya kusaini, watu walio chini ya anayekaimu na maamuzi asiyopaswa kupelekewa mwingine. Muda wa mama yule ulihesabiwa upya kuanzia siku hati yake iliposainiwa. Aliumaliza vizuri, akashindana, akapata nafasi.

Baada yake zamu zilienda kwa utulivu zaidi. Walikaimu wanawake, walikaimu watu wa matawini, na alikaimu kijana mwenye ulemavu wa miguu ambaye hakuna aliyejua kwamba aliwahi kusimamia mradi mkubwa katika kazi yake ya zamani, hakuwa ameulizwa. Wanaume wa makao makuu nao waliendelea kuomba, wengine walipata, na mmoja alimshinda kila mtu kwa uwazi kabisa katika usaili uliofuata. Mkuu wa fedha ndiye aliyeongoza jopo hilo.

Mkuu wa takwimu hakuwepo kuyaona hayo. Alikaimu idara moja kwa miezi mitatu, kwa sifa njema, kisha akaajiriwa na taasisi nyingine kama mkuu wa idara. Katika mahojiano ya kuondoka alisema hana kinyongo, ila alichoka kuwa barua.

Kaimu, ambaye sasa ni mkuu kamili wa idara, alipata maumivu ambayo hayakuwa ya lazima. Mabadiliko yalitangazwa kwa watumishi wote bila yeye kuitwa kwanza na kuelezwa. Korido zikajaza pengo hilo kwa uvumi kwamba amebebwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akianza kila kikao kwa kujitetea.

Uchambuzi

Wanaosoma kisa hiki huwa wanauliza kwanza kama kulikuwa na ubaguzi, kwa maana ya mtu aliyekusudia kuwafungia wengine mlango. Sikumwona mtu huyo katika majalada. Lakini Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, haukuishia kwenye nia. Unahesabu kuwa ni ubaguzi utofautishaji, utengaji au upendeleo wowote, kwa misingi inayotajwa humo ikiwemo jinsia, rangi, dini na asili ya kijamii, ambao *matokeo yake* ni kuondoa au kudhoofisha usawa wa fursa katika kazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unataja wazi katika ibara ya 27 haki ya kupanda cheo, pamoja na marekebisho yanayofaa mahali pa kazi, na ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Taasisi hii ilikuwa imemwajiri mkuu wa takwimu na kumlipa haki yake. Kilichokosekana ni chumba ambamo angeweza kuongoza kikao, na gharama ya kukitengeneza ilikuwa ndogo mno.

Utafiti unasaidia kueleza kwa nini sera ya awali haikuzaa matunda. Mwaka 2005 Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha kwamba watathmini hubadilisha uzito wa vigezo ili vimfae mwombaji wanayemtarajia, bila wao wenyewe kujiona wanapendelea. Walipotakiwa kupanga vigezo kabla ya kuwaona waombaji, upendeleo huo ulitoweka. Taasisi hii ilikuwa imefanya hivyo hasa. Vigezo vilipangwa mapema. Na hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, kwa maoni yangu: vigezo vilifungwa, lakini njia ya kupata sifa zinazopimwa na vigezo hivyo ilibaki wazi kwa mtu mmoja kuigawa atakavyo. Jopo lilipima kwa haki kitu kilichogawiwa bila utaratibu. Unaweza kuongeza wanawake kwenye jopo hilo mpaka lijae, na matokeo yangebaki yaleyale, maana karatasi ya alama ingewaongoza kwa jina lilelile.

Kuna hatari nyingine katika kuamini mno kwamba hapa kwetu tunaangalia sifa tu. Emilio Castilla na Stephen Benard, mwaka 2010, walikuta kwamba mameneja walioambiwa taasisi yao inathamini sifa walimpa mwanamume bonasi kubwa kuliko mwanamke mwenye utendaji uleule. Nilipomsikia mkuu wa fedha akizungumzia viwango niliukumbuka utafiti huo. Hakuwa mtu mbaya. Aliuamini utaratibu kiasi kwamba hakuona haja ya kuukagua.

Kuhusu mafunzo ya siku moja, Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichambua mwaka 2006 takwimu za maeneo 708 ya kazi nchini Marekani kwa kipindi cha 1971 hadi 2002. Mafunzo ya kupunguza upendeleo yalikuwa miongoni mwa hatua zilizobadilisha kidogo kabisa sura ya uongozi. Hatua zilizoonekana kufanya kazi ni zile zilizomkabidhi mtu au chombo fulani wajibu, akaulizwa matokeo. Tofauti hiyo ilionekana hapa kwa macho. Ofisa wa ujumuishi alikuwa mtu yuleyule kabla na baada ya kisa. Alipokuwa bila kiti aliandaa mabango na maadhimisho, na alipopata kiti alisimamisha majalada yaliyokuwa yakimpita kaimu mkuu wa idara. Ripoti ya kila robo mwaka nayo ilimfanya Mkurugenzi ajiulize kabla ya kupiga simu jioni, kwa kuwa alijua bodi itamuuliza.

Kilichoshindikana zaidi, ukiacha kumpoteza mkuu wa takwimu, ni ile zamu ya kwanza. Viongozi wengi husimama pale: mtu amewekwa kwenye nafasi, picha imepigwa, hesabu imepanda. Kumbe mtu aliyewekwa bila sahihi, bila mfumo na bila utii wa manaibu anaandaliwa kushindwa, na akishindwa, kushindwa kwake hutumiwa kama ushahidi dhidi ya wote wanaofanana naye. Mama yule aliokolewa na jicho la mtu mmoja aliyekuwa kikaoni. Kama ningekuwa na amri ya kupanga upya hatua zile, hati ya makabidhiano ingetangulia tangazo la kwanza la ukaimu.

Namna Kaimu alivyotendewa pia ilikuwa dosari ya uongozi, na naitaja kwa sababu mara nyingi hupuuzwa. Saa moja ya mazungumzo naye kabla ya tangazo ingemwondolea fedheha na kuipatia taasisi mtetezi. Alikuwa tayari kuwa mtetezi huyo: ndiye aliyemfundisha kwa hiari kaimu wa tatu namna ya kutetea bajeti mbele ya bodi.

Lipo jambo ambalo taasisi bado haijaligusa. Kamati za muda na vikosi kazi, ambavyo sasa vinahesabika kama ushahidi wa uongozi katika usaili, bado vinaundwa na wakuu wa idara kwa kutaja majina kikaoni. Nilipopitia orodha za vikosi kazi vya karibuni, majina mengi yalitoka ghorofa ileile. Pendekezo langu kwa bodi ni kwamba uteuzi wa vikosi kazi uingizwe katika ripoti ya robo mwaka pamoja na ukaimu, na mkuu wa fedha ameomba yeye ndiye aandae jedwali lake.